Mwiko wa Simu Juu ya Banza Mudogo

Ngoyi mwanangu, mama yangu wewe kwa jina,

Mi baba yako niko ku meza yangu ya kuchaji simu, nashika biki yenye uliniachia, na naandika mi mwenyewe. Bale ba Lubudi, bakwe bako, bakiuliza nani alimuandikia muzee, uwaambie ni mikono yake. Masomo niliyakimbia mapema, lakini hii mikono iliendesha pele, ile mashine ya kuchimba shaba yenye ndoo yake ilikuwa inaweza kubeba nyumba yetu pamoja na choo ya inje. Biki haitanishinda. Kama unaona maneno inapanda mulima na kushuka, kosa ni ya meza.

Juu ya safari yako ya kesho, na mutoto, kwenda kwa bwana yako, sisemi kitu. Mama yako anasema tangu asubuhi, na anasema kwa sisi bawili: namna ya kufunga bikwembe, nani umupe kuku muzima na nani umupe samaki ya kukauka, kofia ya mutoto juu ya upepo wa dirisha ya gari-moshi. Alisahau kitu kimoja tu, kunyamaza. Mi nilinyamaza mpaka akaniuliza kama niko mugonjwa. Siko mugonjwa. Niko na kasirani, na nataka ubebe hii kasirani mpaka Lubudi, juu itakusaidia kuliko kuku.

Kasirani yangu ni ya simu. Usicheke. Najua vile utasema: baba anakula juu ya simu za batu, kisha anazitukana. Ni kweli, nakula juu yao, na ndiyo sababu nazijua. Mutu mwenye anauza pombe anajua walevi kuliko padri.

Leo muchana bwana yako Ilunga alipiga simu, na sisi bote tulikuwa ku baraza. Ulikuwa ndiyo unarudi ku soko. Simu yako niliiona, ulikuwa uliitia mu kikapu pamoja na samaki, na magamba ya samaki ilikuwa bado inangaa ku mugongo wake. Ilunga akasema, "Mama Banza, tata iko hapa pembeni. Anataka kusalimia majina wake. Weka simu ku sikio ya mutoto."

Ukaweka. Na ule mukwe wangu Tata Banza, baba ya Ilunga, mwenye mujukuu wetu alipewa jina yake, akaanza kupiga kelele sawa vile alikuwa anaita batu ku gare, ile stesheni ya gari-moshi, zamani: "Majina wangu. Majina. Unakuja na akili ao unakuja na njaa tu?"

Banza mudogo akajibu na kazi. Akageuza kichwa, akafungua kinywa, akatia kona ya simu ndani, akaanza kunyonya. Ilunga akauliza nini ile kelele. Mama yako akamuambia, "Anakula maneno ya babu yake." Kule Lubudi batu bakacheka, hapa batu bakacheka. Tata Banza akasema, "Muache akule. Akifika nitamupa yangu, ni kubwa kuliko hiyo."

Na we, Ngoyi? We mwenye unajua yenye ilitupata. Uliivuta pole pole, ukaipanguza ku kikwembe, ukasema, "Ndiyo, tata." Ndiyo, tata. Nilikuangalia na hasira ikanipanda mpaka ku masikio. Lakini kisha nikaona uso yako. Haikuwa uso ya mutu mwenye hajui. Ilikuwa uso ya muke mwenye hawezi kumukatalia baba ya bwana yake. Nikajua kwamba kesho kutwa, mukishafika, utasema ile ndiyo yako mara kumi kwa siku, na mutoto ataila.

Ndiyo sababu niko naandika.

Nataka kwanza ukumbuke vizuri, juu batu banasahau ugonjwa wa mutoto mara tu mutoto anacheka. Ilikuwa wakati wa vumbi. Ulikuwa ulishakaa hapa kwetu tangu kuzaa, sawa desturi inataka, mutoto wa kwanza azaliwe kwa mama ya mama yake. Banza alikuwa ndiyo anaanza kutambaa. Mahali yake ya kupenda ilikuwa hapa chini ya meza yangu, katikati ya nyaya, na mi nilikuwa najisifu kwa kila mutu mwenye anapita: "Angalia huyu, atakuwa fundi wa mashine, damu ni ya kwangu." Akilia, nilikuwa nanyoosha mukono, nachukua simu yoyote ku meza, nawasha taa yake na muziki, namupa. Ananyamaza. Mi nilikuwa naona niko babu mwenye akili kuliko bababu bote ba Kolwezi.

Simu yoyote, nilisema. Unajua hizi simu zinatoka wapi. Zinatoka ku mashimo ya bachimbaji kule Mutoshi. Trezo, ule kijana wa Kasai mwenye meno ya mbele ilivunjika, alinionyesha hapa hapa mbele ya meza vile banashuka. Mikono miwili inashika kamba. Miguu inatafuta bitundu mu ukuta ya shimo. Simu iko mu meno, na tochi yake inaangalia chini. Timu moja iko na simu moja yenye tochi ya nguvu. Mwenye alikuwa chini akipanda, anaitosha inje ya kinywa, anaipanguza ku suruali yenye iko na matope na jasho, na pengine na mambo mengine juu chini kule hakuna choo. Anaipatia mwenzake. Mwenzake anaitia mu meno yake. Anashuka. Na jioni banazileta kwa muzee, azichaji, na muzee anampatia mujukuu wake anyonye.

Nilimuambia Trezo, "We unatia mu kinywa kitu chenye kilitoka mu kinywa ya mwenzako?"

Akaniambia, "Muzee, unataka nitie wapi? Mukono wa tatu Mungu alisahau kunipa."

Tukacheka. Ndiyo vile. Tulicheka.

Kisha mutoto akaanza kuhara. Siku ya kwanza mama yako alisema ni meno inaota. Siku ya pili alisema ni jicho ya mutu. Siku yenye ilifuata, macho yake iliingia ndani na alilia bila machozi, na ule utosi wake wa kichwa ulizama, na we ulikaa ku sakafu unamushika.

Mi nilitafuta wa kugombana naye. Ndiyo dawa yangu, unajua. Nikaenda kwa Mama Zaina, jirani yetu, ule mama Mwislamu mwenye familia yake ilitoka upande wa mashariki na bwana yake anaendesha gari ya mizigo. Tulikuwa tunachota mayi ku kisima yake. Nilisimama ku mulango yake, nikasema mbele ya njia yote kwamba mayi yake inaua batoto. Nilisema kwa sauti yenye nilikuwa natumia kuongea juu ya mashine.

Hakutoka mbio. Alitoka na kikombe. Alichota mayi ku ndoo, akakunywa yote mbele yangu, akageuza kikombe chini nione.

"Tata, hii mayi nakunywa mi, bwana yangu anakunywa, batoto yangu banakunywa. Sisi bote tuko bazima. Kwako ni mutoto tu ndiye mugonjwa, na we mwenyewe unaikunywa uko na sauti ya kufikia Lubumbashi. Mupeleke mutoto ku dispanseri. Ukishamaliza, urudi unitukane, sitahama."

Kisha akaingia, akatoka na pagne ya kumufunika mutoto, na bwana yake akawasha gari. Nilipanda ile gari na hasira yote yangu na sikuwa na mahali ya kuiweka. Mpaka leo, mayi ya Mama Zaina nakunywa. Nilimupelekea mukungu wa ndizi. Akaniambia ndizi zangu hazikuiva.

Ku dispanseri ulikuwa pale, sitakuambia yenye uliona. Ile poda ya kurudisha mayi mu mwili balichanganya na mayi safi, balikuambia umupe kidogo kidogo na kijiko, usichoke. Haukuchoka. Lakini ulikuwa unamupa kijiko wakati madamu muganga aliniita pembeni, na yale maneno haukusikia yote, kwa hiyo nakuambia.

Aliniuliza, "Papa, mutoto anatambaa wapi? Anashika nini?"

Nikamuambia kazi yangu. Nikajisifu hata pale, nikamuambia niko na meza ya kuchaji kubwa kuliko zote za mutaa.

Akaniangalia. "Na simu unaosha?"

"Simu ni kitu ya kuosha? Ni sahani?"

"Mikono yako unanawa?"

"Madamu, mi ni mutu wa heshima. Nanawa mbele ya kula bukari, nanawa nikitoka ku choo."

"Na ukiwa ku choo, simu iko wapi?"

Nikatia mukono mu mufuko, simu ilikuwa pale.

"Ukishanawa, unashika nini ya kwanza?"

Nikarudisha mukono inje. Aliniambia kwamba mikrobi ni bidudu bidogo byenye macho haioni, binatoka mu choo, binapanda ku mikono, mikono inashika simu, na simu inakaa na joto yake mu mufuko sawa yai chini ya kuku. Mikono unanawa kila siku, simu hauoshi hata siku moja. Kwa hiyo ukinawa mikono na ukashika simu, ni sawa haukunawa. Mutu mukubwa mwili wake unapigana. Mutoto mwenye anatia kila kitu mu kinywa, mwili wake haujajua bado kupigana.

Nikamuuliza, "Unaapa ni simu?"

Akasema, "Siapi. Pengine ni mayi, pengine ni sahani, pengine ni mikono ya mutu mwenye alimubeba. Siwezi kuuliza mikrobi ilipanda gari gani. Lakini hii njia mi naiona wazi, na iko mu mukono yako, unaweza kuifunga leo."

Na pale pale simu yake ikalia mu mufuko ya blusi yake nyeupe. Alikuwa na glavu ku mikono, alikuwa ndiyo anatoka kwa mutoto mwengine mwenye anahara. Akaitosha na glavu, akaiweka ku sikio. "Alo?"

Nilimuangalia tu. Akaniona namuangalia. Akaishusha ile simu pole pole, akaiangalia, akaangalia glavu.

"Papa, usiseme kitu," akasema.

"Sikusema, madamu."

Ndiyo hapo kasirani yangu ilizaliwa, na haijakufa. Siko na kasirani juu yake yeye, alitosha glavu, akanawa, akapanguza simu mbele yangu. Niko na kasirani juu ya hii kitu yenye hata mwenye anajua inamushinda. Pele yangu ilikuwa kubwa, lakini haikunifuata ku choo. Haikuketi na mi ku bukari. Mu nyumba ya tata yangu, ukishanawa mikono ku beseni, unaishika juu ya magoti, haushiki hata mukeka mpaka bukari iletwe. Tulikuwa batoto na inzi inatutembea ku pua, na hatukupiga inzi. Leo mutu ananawa na sabuni, mayi ingali inatiririka ku kiwiko, simu inalia, anaishika, anasema "niko nakula, nitakupigia," anairudisha, anarudi mu sahani yenye ni ya sisi bote. Na mukimuambia, anasema, "Lakini nilinawa." Ku kilio ya Tata Kalenga niliona mutu anapiga picha ya maiti, anaigusa uso, kisha anapitisha simu kwa batu baone ile picha, na ile simu ikatembea mpaka kwa bamama benye banakata mboga. Hakuna mutu alishangaa. Mi nilisema kitu. Baliniambia ninyamaze, ni kilio.

Usifikiri nilikuwa na hekima mara moja. Nilitoka ku dispanseri na moto. Nilifika ku meza yangu, nikachukua simu ya kwanza, ilikuwa ya Trezo. Nikajiambia, mi niliosha mashine ya chuma muzima na tiyo ya mayi, nilikuwa naiosha mpaka ndoo inangaa, itanishinda hii sabuni? Nikatia mayi ya moto mu beseni, nikatia sabuni ya unga, nikatia na javel ya kutakatisha nguo, juu mi sifanyi kazi nusu. Nikaizamisha. Nikaisugua na burashi. Ilitoa bipovu. Mi nikafikiri ni uchafu inatoka.

Trezo alifika, akaikuta inakauka ku jua, safi sawa sahani ya padri. Akaifinya. Akaifinya tena. Akaigeuza, mayi ikatoka.

"Muzee. Uliifanya nini?"

"Niliiosha. Ilikuwa na mikrobi."

"Na mikrobi balikufa?"

"Balikufa."

"Vizuri," akasema. "Hata simu ilikufa nabo. Balizikwa pamoja." Akakaa chini ku jiwe. Nilifikiri atanipiga. Yeye alikuwa na huzuni juu ya kitu kingine, na utaona namna batu bako. "Muzee, ile matope ku mugongo yake ilikuwa ya shimo yenye ilitupatia mawe mazuri. Sisi hatuioshi. Uliosha bahati ya timu muzima."

Ndiyo vile, mwanangu. Kule Mutoshi matope ya shimo nzuri haitoki ku simu, balishaamini vile. Nilimupa simu yangu mwenyewe. Mi nilibakia na hii kidogo ya zamani ya kubofya, na ndiyo sababu sauti yangu mu simu iko sawa mutu mu pipa. Kosa ni ya simu, si ya masikio yangu. Mama yako anasema pele iliniharibia masikio. Pele haikuniharibia kitu.

Kisha nilirudi kwa madamu muganga, nikauliza sawa mutoto wa shule, na ile siku sikujisifu. Simu uizime. Pochet yake ya kuifunika uitoshe, juu uchafu mingi inajificha pale. Uchukue kitambaa laini, uitie alikoli ya farmasi kidogo, kitambaa kiwe na unyevu tu, kisitone. Upanguze mbele na nyuma na pembeni, uache ikauke yenyewe. Na mikono uinawe, juu mikono michafu inarudisha yote. Ni hiyo tu. Kila asubuhi mi nafanya hivi kwa kila simu yenye inapita hapa, na bachimbaji banapiga kelele, na nawaambia, bahati yenu muibebe mu mufuko mwengine. Leo mu Kolwezi yote hakuna meza ya kuchaji safi sawa yangu. Uulize mutu yeyote.

Sasa turudi Lubudi.

Nilifikiri sana namna utasema kwa bakwe bako. Nilijaribu kusema mi mwenyewe na sauti yako. "Tata, nawa mikono mbele ya kubeba mutoto." Haiwezi. Muke ya mutoto wake hawezi kumuambia Tata Banza kwamba mikono yake ni michafu. Hata kikombe haumupatii mukono kwa mukono, unaweka chini, unarudi nyuma. Utamuambiaje juu ya simu yenye anaivaa ku shingo sawa medali? Utasema ni madamu muganga alisema? Dada za bwana yako batasema Kolwezi ilikupa kiburi, ulikaa kwa mama yako sana, sasa unafikiri Lubudi ni uchafu. Utamuambia Ilunga aseme? Ilunga ni mutoto muzuri, lakini mbele ya baba yake anakuwa mufupi. Nilimuona siku ya mahari. Alikuwa anajificha nyuma ya kofia yake mwenyewe.

Na ukinyamaza, banafika bote ku gare kukupokea. Kila mutu na simu yake. Moja inapiga picha, moja inapigia shangazi wa Tenke, "sema na mutoto, sema na mutoto," inawekwa ku sikio, inateremka ku kinywa. Majina wake anamupa ile kubwa yenye alimuahidi. Utasema ndiyo, tata.

Basi nikakumbuka mama yangu, mwenye we uko na jina yake. Alikuwa na miko mingi, sisi Baluba tunasema bijila, mpaka tulikuwa tunachoka. Mutu mwenye anatoka ku mazishi asibebe mutoto mpaka anawe na mayi ya majani na kubadilisha nguo. Mutoto mwenye hajatembea asipelekwe mu nyumba ya mugonjwa. Mi nilisoma kidogo, nilifika ku kampani, nilivaa kofia ya chuma, nikamucheka. Nilimuuliza, "Mama, nani alisema hivi?" Akasema, "Bakubwa." Nikamuuliza, "Bakubwa balijua nini?" Akanipiga na mwiko wa bukari.

Leo nafikiri najijibu mi mwenyewe. Kulikuwa mutu mumoja. Muzee mubishi sawa mi, ao mama mukali sawa yeye. Aliona mutoto macho yake inaingia ndani baada ya kubebwa na mutu mwenye anatoka ku mazishi. Hakujua mikrobi. Hakuwa na dispanseri. Alikuwa na kasirani tu, na alisema: kuanzia leo, hakuna. Na juu alikuwa muzee, balimusikia, na hawakumuuliza sababu, na mukwe hakuona haya, na binti hakulazimika kufungua kinywa. Ile ndiyo kazi ya mwiko. Inasema pahali ya mutu mwenye hawezi kusema.

Kwa hiyo sikiliza, na umusomee Ilunga, na Ilunga amusomee baba yake, kila neno.

Mi babu ya Banza mudogo kwa upande wa mama, mwenye nyumba yenye alizaliwa ndani, natia mwiko juu yake. Simu isimuguse. Isiguse sikio yake, isiguse mukono wake, isiguse kinywa chake, isilale ku mukeka yenye analala. Mwenye anamubeba aweke simu pembeni kwanza, na anawe. Mwiko utakaa mpaka atembee na miguu yake na aache kutia bitu mu kinywa. Mwenye anauvunja anagombana na mi, na mi niko bado na nguvu, na gari-moshi inafika Lubudi.

Tata Banza akiuliza, "Hii ni mwiko gani, sijawahi kuusikia," umuambie ni ya kwetu. Hautasema bongo, hautadanganya mutu. Kuanzia jioni hii ni ya kwetu. Na yeye ni Muluba, anajua mwiko wa upande wa mama haubishaniwi. Atakasirika na mi, hatakasirika na we. Acha anikasirikie. Atasema ule muzee wa Kolwezi ni kichwa ngumu. Useme, "Ndiyo, tata." Hapo sasa ile ndiyo yako itakuwa na kazi.

Nilimununulia Tata Banza beseni mupya na birika, mama yako alivifunga mu kikwembe ya kijani. Ni zawadi yangu kwake. Umuambie majina wake anapokelewa na mikono yenye mayi, sawa mufalme. Yeye alisimama ku gare myaka yote na bendera mu mukono, anapenda mambo ya heshima. Na mbele ya kumupa mutoto, mimina mayi we mwenyewe, upige magoti vizuri, na sabuni iwe pembeni. Atafurahi, utaona. Na akitaka kumubariki, amubariki na kinywa chake, uso kwa uso. Ya nini kupita mu simu na mutoto iko mbele yake? Mwenye yuko mbali ndiye anahitaji simu.

Hapo niliacha biki kidogo, mama yangu. Nilitoka inje, nikarudi.

Juu nilifikiria: kesho mwenye yuko mbali ni mi.

Mwiko hauchagui mutu. Utanipigia, najua, na moyo wako utakuambia, muwekee babu sauti, huyu ndiye alitia mwiko mwenyewe, kwake haina kitu. Hapana. Usiniwekee simu ku sikio ya Banza. Hata nikiomba. Hata nikikuambia ni mara moja tu, na unajua nitakuambia. Mwenye anatia mwiko na anauvunja, Tata Banza atajua, na atakuwa na haki ya kucheka.

Ufanye hivi. Ukinipigia, weka simu mbali, ku dirisha ao juu ya kabati, uifungue sauti. Kisha umuache mutoto afanye mambo yake. Akilia, alie. Akicheka, acheke. Akipiga sufuria na kijiko, apige. Usiseme nami. Mi nitakaa hapa ku meza, nitawaambia bachimbaji banyamaze, nitaweka hii simu ya zamani ku sikio yangu ya kuume, ile nzuri.

Nitasikia. Mama yako atasema sisikii. Usimuamini.

Baba yako